UZI: Sufuria ya shule Turkana, chakula cha njaa au sehemu ya masomo?

1.
Wadau, kila msimu wa siasa ukifika huku kwetu kuna jambo moja halikosi mikutanoni, redioni na humu mtandaoni: chakula cha shule. Mmoja anasema watoto wametelekezwa. Mwingine anajibu eti wazazi wamezoea kulishwa. Wa tatu anaahidi chakula kwa kila mtoto na hasemi kitalipwa na nani. Leo sitaji mtu wala chama. Nataka tupitie historia pole pole, kwa sababu ukiijua unaona wote watatu wanaliruka swali lenyewe.

2.
Hoja yangu niiseme mapema. Huku Turkana chakula cha shule kiliingia kama msaada wa njaa, na hadi leo kinaendeshwa kama msaada wa njaa. Ukame ukitangazwa kinakuja. Mvua ikinyesha, au bajeti ikikauka, kinakatika. Masomo hayaendi hivyo. Mtoto hujifunza kusoma kidogo kidogo, kila siku, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo swali si "watoto wangapi wamelishwa?" Swali ni "sufuria ilikuwa motoni siku ngapi za muhula?"

3.
Mimi natoka upande wa Loima na nimefundisha madarasa ya wadogo kati ya Lodwar na Lokiriama. Kwa wasioijua Lokiriama: iko magharibi ya Lodwar, kwenye njia ya kwenda Moroto, karibu na mpaka wa Uganda. Ndipo mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walipopatana na kuzika silaha, na kila Septemba watu hukusanyika pale kuikumbuka amani hiyo. Amani hiyo inahusu chakula cha shule kuliko unavyodhani. Tutafika huko.

4.
Tuanze kabla ya shule. Chakula cha mfugaji ni maziwa, nyama, damu, na matunda ya porini kama edome na mkoma. Chakula hicho kinatembea. Mifugo inafuata nyasi na maji, watu wanafuata mifugo. Shule haitembei. Sasa fikiria: adakar nzima imehama kwa sababu malisho yameisha, mtoto mmoja ameachwa kwa nyanya yake ili asome. Maziwa yameondoka na ng'ombe. Kwa mtoto wa mjini chakula cha shule ni nyongeza ya kile cha nyumbani. Kwa huyu wetu ni badala ya chakula alichokiacha ili asome. Ukikosa kuelewa hapo, mjadala mzima utakupotea.

5.
Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Kuingia na kutoka kulitaka kibali, na serikali haikuharakisha kujenga shule. Kisha ikaja njaa ya 1960 na 1961, ile wazee wanaiita Namotor. Watu walikusanyika kwenye kambi za chakula. Ni wakati huo, mwaka 1961, wamisionari Wakatoliki walipoingia kufanya kazi wilayani, wakianza na wenye njaa. Shule nyingi za mwanzo zikaota karibu na misheni na vituo vya chakula. Yaani shule na gunia la msaada vilipitia mlango mmoja. Si ajabu hadi leo kuna mzee akiambiwa "shule" anasikia "chakula".

6.
Baada ya uhuru serikali ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1971 karo ya msingi iliondolewa katika wilaya kame, na mwaka 1974 ikaondolewa nchi nzima kwa darasa la kwanza hadi la nne. Katika miaka hiyo ya 1970 zikajengwa pia shule za bweni za gharama nafuu kwa jamii za wafugaji. Wazo lilikuwa sawa: mifugo iende, mtoto abaki. Na bweni maana yake ni chakula mara tatu kwa siku. Lakini nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo familia nyingi ziligawa watoto: huyu wa shule, hawa wa mbuzi. Mara nyingi msichana alibaki upande wa mbuzi.

7.
Mwaka 1979 yakaja maziwa ya Nyayo. Walio na umri wanaikumbuka ile pakiti ya pembe tatu. Kwa watoto wengi nchini ilikuwa mara ya kwanza serikali kuwapa kitu cha kutia tumboni. Yalianza kwa tamko, hayakuwa na sheria wala kifungu cha kudumu cha bajeti cha kuyalinda, na katika miaka ya 1990 yakafifia hadi yakaisha. Hakuna siku mzazi aliitwa kuambiwa kwa nini. Likumbuke hilo ukisikia ahadi inayotolewa jukwaani tu.

8.
Mwaka huo huo wa 1979 huku kwetu ndiyo ilianza Lopiar, neno lenye maana ya kufagia. Ukame, maradhi ya mifugo na uvamizi vilifagia mifugo hadi 1981. Familia nyingi zilibaki bila hata mbuzi mmoja. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1980, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, pamoja na serikali, lilipoanza kulisha wanafunzi katika maeneo kame. Mpango ulizaliwa katikati ya janga, na tabia za janga ukabaki nazo: malori, maghala, orodha za walengwa, na wafadhili wanaoamua kila mwaka kama bado wana pesa.

9.
Tuangalie sufuria yenyewe. Kipimo kilichozoeleka kwa miaka mingi kilikuwa gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe au dengu, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo kwa mtoto kwa siku. Hiyo ni kama kalori 700, theluthi hivi ya mahitaji ya mtoto. Inaonekana kidogo. Piga hesabu ya shule ya watoto 400: kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharagwe kila siku. Muhula wa wiki 13 una siku 65 za masomo. Hapo unahitaji kilo 3,900 za mahindi, yaani magunia 43 ya kilo 90, na tani moja ya maharagwe. Kwa shule moja. Kwa muhula mmoja.

10.
Sasa ongeza yale ambayo hayamo kwenye gunia. Mahindi makavu na maharagwe yanachemka saa nyingi, kwa hiyo kuna kuni. Kuna maji, na kuna shule ambazo maji yanafukuliwa kwenye mchanga wa laga. Kuna mpishi, ambaye kwa kawaida hulipwa na wazazi, na wazazi hawana. Nimeona gunia limelala stoo na watoto wamelala njaa kwa sababu hapakuwa na maji siku hiyo. Kwenye karatasi shule hiyo ilikuwa na chakula. Kwenye sahani hakukuwa na kitu.

11.
Je, kweli chakula kinaleta watoto? Mwalimu yeyote wa huku atakuambia aangalie tu rejista. Siku moshi unaonekana jikoni, darasa linajaa. Stoo ikibaki tupu, kufika siku ya tatu au ya nne majina yanaanza kukosa alama. Wanaorudi nyuma kwanza ni wa mbali na wale wadogo. Kuna pia mtoto anayekula nusu, nusu anaifunika apelekee mdogo wake nyumbani. Huyo anahesabiwa amekula, na kwa kweli amekula nusu.

12.
Tusibaki kwenye yale niliyoyaona mimi peke yangu. Kuna utafiti mkubwa uliofanywa Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka 2004 na Christel Vermeersch na Michael Kremer. Walichukua chekechea 50, 25 zikapewa uji wa asubuhi na 25 hazikupewa, zikachaguliwa kwa bahati nasibu. Palipokuwa na uji mahudhurio yalikuwa asilimia 35.9. Pasipokuwa na uji yalikuwa asilimia 27.4. Yaani watoto waliongezeka kwa karibu theluthi. Kwa hiyo anayesema chakula hakibadilishi kitu hajasoma.

13.
Lakini na wewe unayesema chakula kinatosha, soma nusu ya pili. Alama za mtihani zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu kabla ya mpango kuanza. Pengine mtoto alikuja, akanywa uji, na hakujifunza zaidi ya mwenzake. Tena kuupika na kuugawa ule uji kulikula muda wa masomo. Hili ni la maana sana kwetu Turkana, ambako mwalimu mmoja anaweza kuwa na darasa lililofurika. Chakula kinamleta mtoto mlangoni na kumfanya aweze kusikiliza. Cha kusikiliza lazima kiwepo.

14.
Utafiti wa pili ulifanyika Kyeni, Embu, kuanzia 1998, katika shule 12. Watoto waligawanywa makundi manne: githeri yenye nyama, githeri pamoja na maziwa, githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi ambalo halikupewa chakula. Kundi la nyama liliyapita mengine yote katika majaribio ya kufikiri kwa kutumia maumbo. Katika hesabu, kundi la nyama na lile la githeri yenye mafuta yalilipita lile lisilopewa kitu. Katika kuelewa maneno hakukuwa na tofauti. Somo ni kwamba kilicho ndani ya sahani kina uzito wake, si kujaza tumbo tu.

15.
Rudi sasa Turkana uone kinaya. Hii ni jamii iliyolea watoto kwa maziwa na nyama tangu zamani. Mtoto wake akiingia shuleni anapewa mahindi na maharagwe, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu hivyo ndivyo magunia ya msaada yanavyokuja. Nafaka inasafiri na kuhifadhika, sikatai. Lakini hakuna aliyekaa akapanga mbuzi na maziwa ya hapa hapa vifike kwenye sahani ya mtoto wa hapa hapa, wakati mfugaji kila kiangazi anauza mbuzi kwa bei ya kutupa kwa sababu hana soko.

16.
Njaa inaharibuje masomo? Kuna njaa ya leo na njaa ya miaka. Njaa ya leo ni ya mtoto aliyetembea kilomita kadhaa asubuhi bila kutia kitu mdomoni. Kufika saa nne anatazama ubao na haoni maneno, ana usingizi au ana hasira. Huyu uji unamsaidia siku hiyo hiyo. Njaa ya miaka ni upungufu wa madini kama chuma, na udumavu ulioanza kabla hajatimiza miaka miwili. Huyu uji wa gredi ya nne hauwezi kumrudishia kila alichopoteza. Ndiyo maana zahanati, mama mjamzito na chekechea ni sehemu ya mjadala huu, hata kama hawapigiwi makofi mkutanoni.

17.
Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bila karo nchi nzima. Wanafunzi wakaruka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Huku kwetu hata hivyo karo haikuwa kizuizi pekee. Kizuizi kingine kilikuwa: nikimwacha mtoto shuleni atakula nini, na mbuzi watachungwa na nani? Shule bila karo na bila chakula, kwa mfugaji aliye njiani kwenda mpakani, bado ni shule ya gharama.

18.
Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua chakula nchini badala ya kungoja meli, ikachukua watoto kama 540,000 kutoka kwa WFP. Shule ilitumiwa pesa, ikanunua kwa wafanyabiashara na wakulima wa karibu. Ulianza katika maeneo yenye mvua kidogo kuliko tele. Kaunti kame kabisa kama Turkana zilibaki kwanza kwenye magunia ya WFP, zikahamishwa hatua kwa hatua. Mwaka 2018 WFP ikakabidhi mpango wote kwa serikali, ukiwa na zaidi ya watoto milioni 1.5. Hivi sasa unasimamiwa kupitia Baraza la Kitaifa la Elimu kwa Jamii za Wafugaji wa Kuhamahama, NACONEK.

19.
Mimi naiunga mkono hatua hiyo. Nchi inayolisha watoto wake kwa bajeti yake ina haki ya kujivunia. Lakini uliza: "mazao ya karibu" maana yake nini Lokiriama? Mahindi yanatoka upande wa Kitale, yanashuka hadi Lodwar, kisha yanatafuta lori la kuyapeleka magharibi kwenye njia ambayo laga ikijaa inafungwa. Kiasi kile kile cha pesa kinachonunua sahani kamili kwenye mashamba hakinunui sahani kamili mpakani. Hesabu ya usawa kwa shilingi si usawa kwa sahani.

20.
Kisha kuna tarehe. Muhula wa kwanza ni Januari hadi mwanzo wa Aprili. Kwa mfugaji hiyo ni mwisho wa kiangazi, akamu, wakati maziwa yamekauka na mifugo iko mbali. Ndiyo miezi mtoto anahitaji sufuria kuliko yote. Sasa chukua mfano: chakula kimefika wiki ya tano na kuisha wiki ya kumi. Hizo ni siku 30 kati ya 65. Kwenye ripoti mtoto huyu "amelishwa". Mwanasiasa anaisoma ripoti hiyo na hasemi uongo. Mpinzani wake anasema watoto wana njaa na yeye pia hasemi uongo. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa sababu hatuhesabu siku.

21.
Machi 2020 shule zilifungwa kwa korona, na wanafunzi wote hawakurudi hadi Januari 2021. Sufuria nayo ilifungwa. Mara tu zilipofunguliwa ukaanza ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa, hadi 2023. Watoto wengi waliohama na mifugo hawakurudi kwenye viti vyao. Mtu akikuambia matokeo ya mitihani ya kaunti kame yameshuka kwa uvivu wa walimu au wazazi, mwulize kwanza kalenda ya miaka hiyo anaijua.

22.
Sasa sheria, maana hapa ndipo wengi wanachanganywa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haki ya lishe ya msingi. Jedwali la Nne likagawa kazi: chekechea ni ya kaunti, shule ya msingi ni ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mtoto yule yule, kwenye kiwanja kile kile, anapikiwa na kaunti akiwa chekechea. Akivuka kwenda gredi ya kwanza anabadilisha serikali. Sufuria mbili, stoo mbili, ratiba mbili. Na chakula kikikosekana kila upande unaonyesha kidole upande wa pili.

23.
Je, kaunti inaweza kulisha shule za msingi? Inaweza, kwa makubaliano ya serikali mbili, kifungu cha 187 kinaruhusu kuhamisha kazi. Nairobi ilianza mpango wa Dishi na County mwaka 2023: jiko kubwa la pamoja, mzazi analipa shilingi 5, mtoto anagusa bangili yake kwenye mashine na kupewa chakula. Usije ukaambiwa lakini kwamba Turkana iige hivyo hivyo. Jiko moja la Lodwar haliwezi kufikisha chakula cha moto Lokiriama. Cha kuiga ni ule utaratibu: mchango unaojulikana, hesabu ya kila sahani, na serikali mbili zilizokaa meza moja.

24.
Niliahidi kurudi kwenye amani ya 1973. Kwa sababu ya amani hiyo, kiangazi kikikaza, wafugaji wetu huvuka mpaka kutafuta malisho upande wa Karamoja, na watoto huvuka nao. Kule, sheria ya elimu ya Uganda ya 2008 inasema chakula cha mwanafunzi ni jukumu la mzazi, ila shule za Karamoja zimekuwa zikipata chakula cha WFP kwa miaka mingi. Mtoto wa Lokiriama anaweza kuondoka kwenye rejista ya Kenya Februari na asiandikwe popote hadi mvua, akiporo, imrudishe. Mpango unaopeleka magunia kwenye majengo pekee haumwoni mtoto huyu. Shule zinazotembea na adakar zipo kwenye sera zetu. Chakula chake nacho kitembee.

25.
Kuna na Kakuma. Kambi ilianza mwaka 1992, na shule zake zimekuwa zikipata chakula kupitia WFP hata baada ya 2018. Ndiyo maana utasikia mwenyeji akilalamika, "mgeni anakula, mtoto wangu anaangalia." Uchungu huo naujua na siudharau. Lakini watoto wa wenyeji nao wanasoma katika shule za kambi, na ufadhili wa wakimbizi nao unapunguzwa wafadhili wakichoka. Mtoto wa kambini na wa Loima wana tatizo moja: chakula chao kinategemea moyo wa mtu mwingine. Anayewagombanisha anataka kura, hana sahani ya kuwapa.

26.
Tuje kwenye ile hoja ya "kuwazoesha wazazi kulishwa". Hebu tazama nchi ambazo hakuna anayeziita ombaomba. Uingereza ilipitisha sheria ya chakula cha shule mwaka 1906, baada ya kushtuka kuona vijana wengi waliotaka kwenda vita vya Afrika Kusini ni dhaifu. Marekani ilipitisha yake 1946 na kuandika ndani ya sheria kwamba ni suala la usalama wa taifa. Ufini ilipitisha sheria 1943, na tangu 1948 inalisha kila mwanafunzi bure. India, mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliamuru chakula kilichopikwa kitolewe katika shule za msingi za umma. Hakuna hata moja inayongoja ukame ili ilishe.

27.
Na mzazi wa huku si kwamba hatoi. Anatoa kuni, anachota maji, anampa mpishi kitu kidogo, anatoa mtoto ambaye angemchungia mbuzi. Huo ni mchango mkubwa, ila hauandikwi kwenye ripoti yoyote. Ukiandikwa, mjadala wa uvivu utaisha siku hiyo hiyo.

28.
Kenya imetangaza lengo la kulisha watoto milioni 10 ifikapo 2030. Lengo zuri. Historia ya maziwa ya 1979 inatuambia tusipige makofi kwa lengo, tuulize maswali. Kwa hiyo mgombea yeyote, wa chama chochote, akija Lodwar, Kakuma au Lokiriama na kutaja chakula cha shule, mwulize haya:

a) Muhula uliopita sufuria ilipika siku ngapi kati ya siku za masomo, shule kwa shule?
b) Chakula cha muhula wa kwanza kitafika stoo kabla ya shule kufunguliwa Januari, au baada?
c) Pesa ya usafiri, maji, kuni na mpishi iko kwenye bajeti ipi?
d) Kiasi kwa mtoto kinafuata bei ya wapi, ya Kitale au ya Lokiriama?
e) Kaunti na serikali ya kitaifa wamesaini nini kuhusu mtoto anayetoka chekechea kwenda gredi ya kwanza?
f) Nyama na maziwa ya wafugaji vitaingiaje kwenye sahani?
g) Mtoto aliyehama na mifugo atakula wapi?
h) Na mwalimu? Chakula kikimleta mtoto, nani atakuwa darasani?

29.
Akijibu maswali matatu kwa takwimu, huyo amefanya kazi ya nyumbani, msikilize. Akijibu "tutawalisha wote" na kuendelea na wimbo, unajua umesikia nini.

30.
Walimu na wazazi mlio humu, hasa wa Loima, Turkana Magharibi na ng'ambo ya mpaka: andikeni hapa chini idadi ya siku tu. Shule msiitaje kama mnaogopa. Muhula uliopita, jikoni kwenu moshi ulionekana siku ngapi?